Mjadala wa utamaduni kwenye somo la Kihispania: kejeli inaingilia wapi, na tuizuie vipi?

profe_kipindi_cha_nne:

Walimu wenzangu, salaam.

Naomba mawazo kuhusu vipindi vya utamaduni. Darasa lina wanafunzi 36, umri miaka 15 hadi 17, kiwango A2 ya mwanzo (hatua ya pili kati ya sita za kipimo cha Ulaya cha lugha, A1 hadi C2), kipindi dakika 40. Sarufi na msamiati vinakwenda. Shida inaanza tukifika kwenye Día de Muertos (sikukuu ya Meksiko ya kuwakumbuka wafu kwa kuwaandalia chakula), Semana Santa (Wiki Takatifu kabla ya Pasaka), mchezo wa fahali na mengine ya aina hiyo. Picha ikitokea tu, kicheko. Kisha zinafuata sentensi kama hizi:

«Los mexicanos son raros.» (Wameksiko ni watu wa ajabu.)
«Los españoles son crueles.» (Wahispania ni wakatili.)
«Es una fiesta de brujas.» (Ni sherehe ya wachawi.)

Kanuni zimebandikwa ukutani (tuheshimiane, tusidharau mila za wengine) na wanafunzi wanaweza kuzitaja zote bila kutazama. Hazisaidii kitu. Mwalimu akikemea, darasa zima linakuwa bubu na mjadala umeishia hapo. Akinyamaza, dhihaka inaendelea.

Maswali yangu ni matatu. Mjadala uanzishwe vipi ili kicheko kisitangulie? Mada zenye ubishi kama fahali ziguswe au ziachwe? Na mwanafunzi akitamka neno la kuumiza, mwalimu afanye nini palepale?

---

sarufi_kwanza:

Mwalimu, kabla ya kutafuta kosa kwenye tabia zao, zitazame tena hizo sentensi. Mbili za mwanzo zina umbo moja: jina la taifa, *ser* (kitenzi «kuwa»), kivumishi. Umbo hilo hufundishwa wiki za mwanzo kabisa za A1. Mwanafunzi wa A2 anayetaka kusema «picha hii imenishangaza, sielewi chakula kinafanya nini pale» hana sentensi hiyo. Alichonacho mfukoni ni *raro* (ajabu), *malo* (baya), *feo* (bovu kwa sura), *loco* (kichaa), basi anatoa alichonacho. Sehemu kubwa ya dharau inayosikika kwenye madarasa ya mwanzo ni umaskini wa lugha. Kanuni ya ukutani inamwambia asiseme nini, lakini haimpi cha kusema badala yake.

Kwa hiyo wape sentensi kabla ya mada. Kipindi kimoja kizima, bila picha yoyote ya sikukuu. A2 inabeba hizi bila taabu:

*Veo… / Hay…* (naona… / kuna…)
*Me llama la atención el silencio / me llaman la atención las flores.* (ukimya / maua yananivutia macho)
*Creo que… porque…* (nadhani… kwa sababu…)
*Parece que…* (inaonekana…)
*Según el texto, …* (kwa mujibu wa maandishi, …)
*En esta foto, algunas personas…* (kwenye picha hii, baadhi ya watu…)
*No entiendo para qué sirve…* (sielewi… ni ya kazi gani)
*¿Qué significa esto para ellos?* (hili lina maana gani kwao?)

Angalia mtego hapo. Ukiwapa *me sorprende que…* (inanishangaza kwamba…) umewaingiza kwenye subjuntivo (umbo la kitenzi la hisia na shaka) na watakwama katikati ya wazo, kisha watarudi kwenye *es raro*. Wape *me sorprende* na nomino tu. Vilevile *creo que* ni salama, lakini *no creo que* inadai subjuntivo, kwa hiyo anayepinga mpe *para mí, no* (kwangu mimi, hapana) au *yo lo veo de otra manera* (mimi naliona kwa namna nyingine).

Zoezi la kuzikaza ni kubadilisha sentensi nane kwa dakika 12. Unaandika ubaoni *Los españoles comen tarde* (Wahispania hula kwa kuchelewa), wanakurudishia *Muchas familias en España cenan después de las nueve* (familia nyingi Hispania hula chakula cha jioni baada ya saa tatu usiku). Unaandika *Los mexicanos son raros*, wanakurudishia *En la foto hay un altar con pan, velas y flores. No entiendo para qué sirve el pan.* (Kwenye picha kuna madhabahu yenye mkate, mishumaa na maua. Sielewi mkate ni wa kazi gani.) Sentensi ya pili ni ndefu na ya mtu anayefikiri, na sarufi yake haizidi A2 hata kidogo.

Onyo moja. Wanafunzi werevu watagundua mapema kwamba wakitia *algunos* (baadhi) mbele wamepona: *Algunos mexicanos son raros*. Hiyo ni dharau ileile iliyovaa koti. Weka sharti la wazi kwamba kivumishi cha kuhukumu hakiruhusiwi mpaka hatua ya mwisho ya kipindi. Hatua za mwanzo zinaruhusu rangi, idadi, ukubwa na umbo, basi.

Sasa kicheko cha picha. Chukua Semana Santa ya Sevilla, maana ndiyo inayolipuka kuliko zote. Ukifungua na picha ya wanazareno (waumini wa toba kwenye maandamano) wenye *capirote*, ile kofia ndefu iliyochongoka yenye kitambaa cha kufunika uso, kila aliyewahi kuona filamu ya Marekani atapiga kelele «Ku Klux Klan!» (kundi la Wamarekani weupe wabaguzi lenye kofia kama hizo) na kipindi kimekwisha. Usianze na hiyo. Anza na picha ya mtoto aliyeshika donge la nta ukubwa wa chungwa. Huko Sevilla watoto husimama kando ya maandamano, mnazareno anainamisha mshumaa wake, nta inadondokea kwenye donge, nalo linakua mwaka hadi mwaka, rangi juu ya rangi. Wengine hupewa pipi. Picha ya pili iwe ya wabebaji, *costaleros*, wamepumzika, kitambaa cha kichwani kimelowa jasho. Ya tatu ndiyo iwe capirote. Wakifika hapo wameshaona watoto, jasho na pipi, kwa hiyo wanauliza badala ya kupiga kelele.

Muda wake kwa dakika 40:

Dakika 4 kila mtu anaandika kimya sentensi tano za *Veo/Hay*. Kimya ndicho kinachokata kicheko, kwa sababu kicheko hutafuta macho ya jirani na hapa macho yote yako kwenye daftari.
Dakika 5 wawiliwawili wanalinganisha.
Dakika 7 makisio: kila jozi itoe maelezo mawili tofauti ya kitu kilekile kwa *Creo que… porque…*. Lazima yawe mawili. Mtu mwenye kisio moja huling'ang'ania. Mwenye mawili yuko tayari kusikia la tatu.
Dakika 9 kusoma maandishi ya maneno 80 hadi 100.
Dakika 5 kurudi kwenye makisio na kukata yaliyokosea.
Dakika 6 maswali yaliyobaki na, kwa anayetaka, maoni.

Zinabaki dakika 4 za kugawa karatasi na kutulia.

Maandishi yao yaseme machache na ya hakika: kofia hiyo imetokana na koni ya karatasi ambayo Baraza la Inkwizisheni liliwavisha waliohukumiwa kufanya toba, vyama vya waumini vikaichukua kama alama ya kutubu, uso unafunikwa ili toba isiwe ya kujionyesha. Ku Klux Klan ilianzishwa Marekani mwaka 1865, na desturi ya Hispania ni kongwe kuliko hapo kwa karne kadhaa.

Kosa linaloharibu kipindi hiki mara nyingi ni mwalimu kueleza maana kabla ya makisio. Ukishaeleza, hakuna tena cha kuuliza, na darasa lisilo na cha kuuliza hucheka.

---

sauti_mbili:

Mwalimu sarufi_kwanza kaeleza vizuri sana. Mimi naongeza kwenye swali la pili, la mada zenye ubishi.

Ziguswe. Lakini iwepo kanuni moja isiyovunjwa: usilete sauti moja tu kutoka ndani. Ukileta maelezo ya mpenzi wa fahali peke yake, wanafunzi wanatoka wakijua kwamba «Wahispania wanaamini hivi». Wameacha dharau wakaokota uongo mwingine. Hakuna taifa lenye kauli moja kuhusu mila zake.

Historia ya fahali yenyewe inakusaidia. Bunge la Katalonia lilipiga kura ya kuupiga marufuku mchezo huo mwaka 2010, marufuku ikaanza 2012. Mwaka 2013 bunge la taifa likapitisha sheria ya kuutambua kama urithi wa utamaduni. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku ya Katalonia. Kwa upande wa Amerika, Kolombia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuukomesha mchezo huo, ikitoa muda wa mpito hadi 2027. Mwanafunzi akiyaona haya kwa mpangilio, *Los españoles son crueles* haisemeki tena. Wahispania gani? Waliopiga kura ya kuzuia au waliokwenda mahakamani?

Zoezi lake: kadi 12, sentensi moja kila kadi, isizidi maneno 12 ya Kihispania chepesi. Sita za wanaotetea, sita za wanaopinga, zote zimechanganywa. Makundi ya watu sita yapange kadi kwa aina ya hoja: wanyama, mila, kazi na kipato, sheria. Zisipangwe kwa upande. Hoja ya kazi itakutwa kwa watetezi na kwa wapinzani pia, na hapo ndipo wanashtuka na kuanza kufikiri. Mwishoni usiulize *¿Estás a favor o en contra?* (unaunga mkono au unapinga?) Uliza *¿Qué argumento es más fuerte y por qué?* (hoja ipi ina nguvu zaidi na kwa nini?) Swali la kwanza linagawa darasa kambi mbili. La pili linawaacha wote mezani.

Mdahalo rasmi wa pande mbili uache mpaka B1. Kwa A2 mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, kwa sababu wenzake hawana maneno ya kusema «ndiyo, lakini».

Mada nyingine tajiri mno ni tarehe 12 Oktoba, siku Colón (Kristofa Kolumbasi) alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492. Tarehe moja, majina mengi. Hispania ni *Fiesta Nacional* (Sikukuu ya Taifa). Venezuela tangu 2002 ni *Día de la Resistencia Indígena* (Siku ya Upinzani wa Wenyeji). Argentina tangu 2010 ni *Día del Respeto a la Diversidad Cultural* (Siku ya Kuheshimu Tofauti za Utamaduni). Bolivia mwaka 2011 ikaita *Día de la Descolonización* (Siku ya Kuondoa Ukoloni). Chile ni *Día del Encuentro de Dos Mundos* (Siku ya Kukutana kwa Dunia Mbili). Meksiko mwaka 2020 ikachukua *Día de la Nación Pluricultural* (Siku ya Taifa lenye Tamaduni Nyingi). Hayo ni sita, makundi sita, kila kundi kadi yenye jina moja bila nchi.

Maswali ni matatu tu: *¿Qué palabra es la más importante en este nombre? ¿Quién habla aquí? ¿Quién no aparece?* (Neno lipi ni muhimu zaidi katika jina hili? Nani anazungumza hapa? Nani haonekani?) Dakika 10 zinatosha. Kisha ndipo wapewe nchi na miaka.

Halafu toa kadi ya saba. Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, ilipata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Kwa hiyo siku ambayo Hispania husherehekea taifa lake, huko husherehekea kuachana nayo. Acha kadi hiyo mezani bila maelezo kwa dakika nzima, wataisema wenyewe.

Kinachoharibika hapa: wanafunzi huamua kwamba jina jipya ndilo sahihi na la zamani ni la wabaya. Warudishe kwenye *¿Quién habla aquí?* kila mara. Jina ni kauli ya mtu fulani kwa wakati fulani.

---

lugha_ya_wote:

Napingana kidogo na wote wawili. Mnafanya kila kitu kwa Kihispania, na kwa fikra nzito A2 ni nguo fupi. Baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ACTFL, linapendekeza angalau asilimia 90 ya kipindi iwe kwa lugha lengwa. Sawa, asilimia 10 ya dakika 40 ni dakika 4. Dakika hizo nne zitumike kwa lugha ambayo darasa zima linaielewa vizuri, na ziwe za mwisho.

Ila msifikiri kubadili lugha ni salama kwa chenyewe. Wakiingia lugha ya nyumbani, ulimi unalegea na kejeli inarudi, tena yenye makali zaidi maana sasa wana maneno. «Wahispania ni wakatili» ina umbo lilelile la *ser*. Kwa hiyo zile fremu (vianzio vya sentensi vya sarufi_kwanza) zivuke nao: «kwa mujibu wa maandishi», «baadhi ya watu kwenye picha», «sijaelewa kwa nini». Na kabla mdomo haujafunguliwa, kalamu itangulie: kila mmoja aandike swali moja kwenye kikaratasi bila jina. Mwalimu anakusanya, anachambua nyumbani, anachagua matatu na kuyageuza Kihispania cha A2. Kipindi kinachofuata kinaanza na hayo matatu.

Vikaratasi visisomwe palepale. Kati ya 36 kuna kimoja au viwili vilivyoandikwa ili kuchekesha, na mwalimu akivisoma kwa sauti bila kujua amewapa jukwaa.

---

sarufi_kwanza:

lugha_ya_wote, la vikaratasi nalichukua mzimamzima. La dakika nne nakubali kwa sharti moja: zikiwekwa mwanzoni zinaua kipindi. Wakishasema yote kwa lugha wanayoimudu, hakuna atakayehangaika kuyasema tena kwa Kihispania.

---

profe_kipindi_cha_nne:

Asanteni sana, nimenakili yote. Swali la tatu bado. Kuna maneno wanayaokota kwenye nyimbo na video: *negro* (mweusi), *gordo* (mnene), *indio* (mwenyeji wa asili wa Amerika), *gitano* (mtu wa jamii ya Waroma). Wanasema «lakini wenyewe wanaitana hivyo!» Na je, kama darasani yupo mwanafunzi ambaye mzazi wake anatoka nchi ya Kihispania? Kila ikitajwa Meksiko, shingo 35 zinamgeukia.

---

kamusi_hai:

Mwalimu, nianze na maneno.

*Gordo*, *flaca* (mwembamba), *negra*, *negrito* kweli hutumika kwa mapenzi ndani ya familia na kati ya wapenzi sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini. Lakini mapenzi hayakai ndani ya neno, yanakaa kati ya wawili wanaoitana. Neno lilelile likitoka kwa mgeni mtaani ni tusi, na hata huko kwao wapo wanaolipinga. Kwa hiyo sharti la mwanafunzi ni fupi: uelewe, usilitumie kwa mtu. Wape ya kutumia: *personas negras* (watu weusi), *afrodescendientes* (wenye asili ya Afrika). Hapa pia ni mahali pa kuwaonyesha kwamba watu hao wapo na wana historia. Meksiko iliwatambua Wameksiko wenye asili ya Afrika kwenye katiba yake mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo. Huko San Basilio de Palenque, Kolombia, kunazungumzwa lugha iliyozaliwa na Waafrika waliotoroka utumwa, na ndani yake mna maneno ya Kikongo.

*Indio* ni tusi zito katika nchi nyingi. *Indígena* (mwenyeji wa asili) ni afadhali, *pueblos originarios* (jamii za asili) pia, na bora kuliko yote ni jina lenyewe: Waquechua, Waaymara, Wamapuche, Wamaya, Wanahua. Anayesema jina halisi hulazimika kujua anamzungumzia nani.

*Gitano* ni tofauti. Wagitano wa Hispania wenyewe hujiita hivyo, neno si tusi. Tusi liko kwenye misemo inayolinasibisha na wizi au uchafu. Msilifute neno, futeni misemo.

Lingine linalopita kimyakimya, hata kwa walimu: kuita Kiquechua, Kinahuatl au Kikatalani *dialecto* (lahaja). Hizo ni lugha kamili, na wazungumzaji wake wameumizwa na neno hilo kwa muda mrefu. Kiguarani ni lugha rasmi ya Paraguay pamoja na Kihispania kwa katiba ya 1992. Kwenye jambo hilohilo la lugha, msiwaambie wanafunzi kwamba lafudhi ya Hispania ndiyo sahihi. Sehemu kubwa ya wanaozungumza Kihispania duniani hutamka *casa* (nyumba) na *caza* (uwindaji) sawasawa, na *vos* («wewe») ya Argentina ina sarufi yake iliyonyooka, si *tú* («wewe» ya Hispania) iliyoharibika.

Sasa palepale mwanafunzi akitamka.

Tenganisha hali mbili kwanza. Ya kwanza ni kauli kuhusu watu wasiokuwepo: *Los colombianos son narcos.* (Wakolombia ni wauza dawa za kulevya.) Usipandishe sauti. Uliza *¿Quiénes exactamente?* (akina nani hasa?), subiri jibu, kisha *¿Cómo lo sabemos?* (tunajuaje?) Jibu huwa «filamu» au «mtandaoni». Mpe fremu: *En algunas series…* (katika baadhi ya tamthilia…), aiseme sentensi yake upya, endelea na kipindi. Yote yaishe ndani ya dakika moja. Ukizidisha umeligeuza somo kuwa kesi, na atakayefuata atanyamaza hata kama alikuwa na swali jema.

Ya pili ni neno lililolengwa kwa mtu aliyemo chumbani. Hapo hakuna zoezi la lugha. Simamisha, sema kwa lugha wanayoielewa wote kwamba neno hilo halikubaliki hapa, sentensi moja, kisha rudi kwenye kazi. Siku hiyohiyo ona wote wawili, kila mmoja kivyake, ukianza na aliyeumizwa. Usidai msamaha mbele ya darasa: mkosaji ataomba kwa tabasamu, wenzake watacheka, na aliyeumizwa atalazimika kusema «nimekusamehe» akiwa hajasamehe. Wala usimwombe aliyeumizwa awaeleze wenzake kwa nini neno linauma. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Ndipo tufike kwa mwanafunzi mwenye mzazi kutoka huko. Si balozi. Pengine hajawahi kuiona Día de Muertos zaidi ya wenzake walivyoiona kwenye picha, na sasa analazimishwa kusema kwa niaba ya watu zaidi ya milioni mia moja. Mfuate mapema, faraghani: kipindi kijacho tutagusa jambo hili, ukitaka kuchangia karibu, usipotaka hakuna atakayekuuliza. Darasani toa fremu ya *En mi familia…* (katika familia yangu…) kwa wote 36. Kila mmoja akisema kuhusu familia yake, naye akisema ya kwake, shingo hazigeuki tena.

Jambo dogo la sarufi lenye madhara makubwa. Katika mjadala nyeti msisahihishe makosa katikati, andikeni pembeni na kurudi mwishoni. Isipokuwa *ser* na *estar* («kuwa» kwa tabia ya kudumu na «kuwa» kwa hali ya sasa). Mwanafunzi anatazama picha ya vijana wa Chile wamekaa kituoni, anataka kusema wamechoka kusubiri, anasema *Los chilenos son aburridos*. Amesema Wachile ni watu wa kuchosha! Alitaka *Los chicos de la foto están aburridos* (vijana wa kwenye picha wamechoka kusubiri). Hata *es borracho* na *está borracho* ni hivyohivyo: moja ni mlevi, nyingine amelewa leo. Hilo lisahihisheni papo hapo, kwa upole, na mlionyeshe darasa zima, maana ni mfano bora wa jinsi kosa la kitenzi linavyogeuka tusi bila nia.

Mwisho, alama. Msitoe alama kwa «heshima». Mkifanya hivyo mtapata insha 36 zinazosema *Es muy bonita y me gusta mucho* (ni nzuri sana na naipenda mno). Sifa tupu haina heshima ndani yake, aliyeiandika hata hakutazama. Kati ya alama 10 napendekeza 4 za ushahidi (kitu alichokiona au kukisoma, anakitaja), 3 za kupima kauli (*algunos*, *según*, *en esta región*, yaani «katika eneo hili»), 3 za kumjibu mwenzake kwa kuanza na hoja ya huyo mwenzake: *Como dice…* (kama anavyosema…), *Entiendo que…, pero…* (naelewa kwamba…, lakini…). Maoni yenyewe hayana alama hata moja, na wanafunzi waambiwe hivyo kabla ya kuanza.

---

sauti_mbili:

kamusi_hai, hilo la sifa tupu libandikwe ukutani badala ya zile kanuni.

---

siku_ya_kawaida:

Nimechelewa, lakini kuna jambo halijaguswa: orodha ya mada yenyewe. Día de Muertos, Semana Santa, fahali. Zote ni za siku moja au wiki moja kwa mwaka, na zimechaguliwa kwa sababu zinashangaza. Ukimwonyesha mtu vya kushangaza tu, atashangaa, na mshangao wa kijana wa miaka 15 ni kicheko. Kwa kila sikukuu moja wekeni mada tatu za siku ya kawaida: ratiba ya shule, tangazo la kupangisha chumba, menyu ya chakula cha mchana, ujumbe wa simu kati ya bibi na mjukuu. Hapo wataona watu wanaochelewa basi na kutafuta nyumba ya bei nafuu. Sikukuu ikija baadaye, inakuja kwa watu wanaowafahamu.

Mwanzo wa mwaka upo mlango mwepesi zaidi. Waandikieni ubaoni *azúcar*, *aceituna*, *hasta*, na chini yake sukari, zeituni, hata. Maneno hayo yameingia Kihispania na Kiswahili kutoka Kiarabu. Kihispania kiliyapata wakati sehemu kubwa ya Hispania ilipokuwa chini ya watawala Waislamu, kuanzia 711. Ngome ya mwisho, Granada, iliangushwa 1492. Dakika tano tu, na lugha ambayo walidhani ni ya mbali inageuka jamaa.

Kuhusu majina mawili ya ukoo ya Kihispania, yanayoguswa kwingi: mada nzuri, ila fanyeni kwa uangalifu. Utaratibu ni mwepesi. Katika mfano wa kubuni, Ana López Ruiz ni mtoto wa Pedro López Gil na Carmen Ruiz Mora. Jina la kwanza la baba, kisha la kwanza la mama, na Carmen hakubadili jina alipoolewa. Hispania tangu 2017 wazazi hulazimika kuchagua wenyewe mpangilio, la baba halitangulii tena lenyewe, la mama linaweza kutangulia. Wanafunzi hupenda kulinganisha hapa, na maswali huwa mazuri: jina la bibi mzaa mama linapotelea wapi? Nani anaamua?

Kosa ni zoezi linalofuata kwenye vitabu vingi, «andika jina lako kwa mtindo wa Kihispania». Darasani kuna asiyemjua baba, kuna aliyelelewa na shangazi, kuna ambaye jina la mzazi halitamkwi nyumbani. Zoezi la dakika tatu linamtaka ayaseme hayo mbele ya watu. Tumieni mti wa familia ya kubuni wenye vizazi vitatu, watu 10 hadi 12, nusu ya majina yameachwa wazi, na ndani yake wekeni mama mmoja anayelea peke yake, mtoto wake akibeba majina yote mawili ya mama. Wanajaza nafasi, kanuni inaeleweka, na aliye na hali kama hiyo nyumbani anaiona karatasini kama hali ya kawaida.

---

profe_kipindi_cha_nne:

Mti wa familia nauandaa wiki hii. Nauliza tu: huyo mama anayelea peke yake awe kizazi cha pili au cha tatu? Kumi na wawili ni wengi kwa karatasi moja.

---

siku_ya_kawaida:

Cha pili, ili mtoto wake aonekane. Na kama nafasi ni finyu, punguza watu wa kizazi cha kwanza, babu na bibi wa upande mmoja wanatosha. Usimpunguze yeye.